Insha ya Alliance

Truphosa Wafula alibisha mlango Jumanne saa kumi jioni, mwezi wa tatu mwaka 2016, amekumbatia bahasha kifuani kama mtu aliyetumwa kupeleka habari za msiba na hajui aanzie wapi. Alikuwa Mkenya wa Bungoma, anasomea udaktari katika chuo kikuu cha serikali pale Columbus, Marekani, na kibarua chake kilikuwa kupokea insha za vijana wanaoomba kuingia Honors, ule mpango wa wanafunzi bora unaochukua watoto wachache na kuwalipia kila kitu, hata kitanda. Mirindi, mwenye nyumba, Mkongo wa Kivu, alimjua kutoka kanisani. Alimkalisha kwenye kiti kisichoyumba, akampa chai katika kikombe ambacho mkono wake haujakatika.

"Mama Précieuse," Truphosa alisema, "mtoto yuko wapi?"

"Précieuse? Iko mu chumba, anaangalia tableti."

"Si huyo mdogo. Alliance."

Mirindi alishtuka hata chai ikamwagika kwenye kisahani. Ndani ya nyumba ile jina hilo halikutajwa. Hapa nyumbani binti yake mkubwa aliitwa Ombeni. Alliance lilikuwa jina la shule, la daktari na la karatasi, na lilibaki nje ya mlango pamoja na viatu. Kwao Kivu mama huitwa kwa mtoto wake wa kwanza, lakini Mirindi alikataa katakata kuitwa Mama Alliance, akataka aitwe kwa jina la yule mdogo wa miaka minane. Watu wa kanisa walidhani ni maringo tu.

"Iko maktaba. Bon, amefanya nini?"

Truphosa akashusha sauti. "Swali la insha lilikuwa: tuambie jambo moja ambalo hati zako haziwezi kutuambia. Wengine wameandika mambo ya football, wengine mambo ya mbwa wao. Huyu wako ameandika kwamba yeye si Alliance. Kwamba Alliance alikufa kambini, yeye ni Ombeni, mtoto wa mdogo wako, na amevaa jina la marehemu miaka kumi. Mama, ni essay nzuri, nililia. Lakini nikiipeleka hivi ilivyo itasomwa na watu saba. Na mmoja wao akiamua kuuliza watu wa uhamiaji..."

Mwaka ule kila ukiwasha televisheni ulikuta mtu amekunja uso, anazungumzia wakimbizi.

"Umeisha peleka?"

"Bado. Nimeificha, na kwa kuificha tu nimeshavunja sheria za kazi yangu. Deadline ni Friday saa kumi na moja jioni. Akileta nyingine kabla ya hapo, hii mimi sikuiona. Asipoleta, nafasi imeenda, na hiyo scholarship nayo imeenda."

"Italetwa," Mirindi alisema. "Na kabla haijaenda, utanisomea. Yote, kwa Kiswahili. Siwezi kudanganywa mara mbili."

Truphosa alikubali, akaiacha bahasha mezani, akaondoka bila kumaliza chai.

Msimhukumu haraka mama huyu. Kambini Uganda, mwaka 2006, mtoto akifa alifutwa kwenye kadi ya chakula siku hiyo hiyo, na mtoto aliyefika bila karatasi hakuhesabiwa kuwa mtu. Mirindi alijikuta ana mmoja wa aina hii na mmoja wa aina ile: Alliance wake wa kumzaa, miaka minane, aliyekufa kwa homa, na Ombeni, miaka sita, yatima wa mdogo wake, aliyeletwa wiki mbili baadaye na kaka yao Mutware. Mngefanya nini nyinyi? Alliance alizikwa alfajiri kimyakimya, maana mlio wowote ungemleta kiongozi wa mtaa na daftari lake. Hakuna aliyelala matanga, hakuna aliyenyoa nywele. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua; huyu alificha hata kilio chenyewe. Miaka minne baadaye, kabla ya kuhamia Columbus, walifikishwa Louisville, na kanisa moja likawaokea keki kubwa ya tarehe mosi Januari, kwa kuwa kwa mujibu wa makaratasi nusu ya Wakongo wote wamezaliwa siku hiyo. Majina yaliandikwa juu yake kwa sukari. Mirindi alikatiwa kipande chenye jina la marehemu wake, na mbele ya wafadhili waliokuwa wakimpiga picha, akakila chote.

*

Ombeni alirudi saa kumi na mbili, miwani imeshuka puani, mgongo umeinama kwa uzito wa vitabu. Alikuta insha yake mezani, na kando yake simu imefunguliwa sauti. Upande wa pili alikuwa Mutware, huko Buffalo.

"Ni weye uliandika hii?" Mirindi aliuliza.

Msichana alianza kujibu kwa Kiingereza, kisha akakumbuka anaongea na nani. "Ni mimi, Mama Mkubwa." Ndivyo alivyomwita nyumbani, kama impasavyo dada mkubwa wa mama. 'Mama' lilikuwa la mbele za watu.

"Juu ya nini? Unataka kutuua?"

"Wameuliza kitu ambacho karatasi hazisemi. Sina kingine."

Simu ikakohoa. Mutware aliishi Riverside, karibu na mto Niagara, na kazi yake ilikuwa kuwaogesha wazee wasiojiweza. Hata kwenye simu aliongea kama mtu aliyezoea kumgeuza mwenzake kitandani bila kumwomba ruhusa.

"Mtoto, sikia miye. Ile jina niliiandikisha kwa hii mkono yangu. Donc wakikamata mama yako mkubwa, watanifuata na miye mpaka hapa Buffalo, na kale kadogo kataenda kulelewa na batu hatuwajui. Unasikia? Uandike ingine. Uandike sawa vile Alliance."

"Sawa vile Alliance namna gani, Mjomba? Simjui! Hakuna hata picha. Nikiuliza, Mama Mkubwa ananyamaza. Miaka kumi naitika jina la mtu, na sijui hata alikuwa anacheka namna gani."

"Tunga," Mirindi alisema.

"Eti?"

"Tunga. Si uko na akili? Si ndiyo maana wanakutaka? Tunga katoto ka kambi, kaliteseka, kalisoma, basi. Hawa watu wanapendaka vile."

Ombeni alivua miwani, akaifuta kwa pindo la sweta, akaivaa tena. Mtoto huyu alikuwa hajawahi kumjibu mkubwa vibaya tangu azaliwe, na hata sasa alisema kwa upole.

"Kama ni insha ya Alliance, basi nitamwachia mwenyewe aandike."

"Kwa jina la Yesu, usiseme vile!" Mutware alipiga kelele, na simu ikakatika. Hakupiga tena.

Mirindi hakumgombeza. Alihisi ubaridi kisogoni, kama dirisha limefunguliwa nyuma yake, akageuka kutazama na dirisha lilikuwa limefungwa. Aliichukua ile insha, akaiunguza juu ya jiko karatasi moja moja, na majivu akayasukumia maji ya bomba.

*

Jumatano Mirindi alitoka kazini Hilliard, kwenye ghala anakopakia viatu vya watu kwenye maboksi kutwa nzima, akafika nyumbani jua bado liko juu. Précieuse alimpokea mlangoni, amekunja uso, akishitaki kwa Kiingereza kama kawaida yake: dada yuko jikoni tangu atoke shule, ukimwita haitiki, na kiti amekataa.

Ni kweli. Ombeni alikuwa amechuchumaa sakafuni mbele ya kiti, amekifanya meza, anaandika. Miwani ilikuwa imewekwa kando. Kalamu ilikuwa katika mkono wa kushoto.

Mirindi alisimama na mkoba begani. Ombeni alikuwa mtu wa mkono wa kulia. Alikula kwa kulia, aliandika kwa kulia, alipiga mswaki kwa kulia. Wa kushoto alikuwa yule mwingine. Yule alichapwa vidole kila mlo, "acha hiyo mkono, utaaibisha baba yako", na kila mlo ukisahau kumtazama unaukuta mkono wa kushoto umerudi kwenye sahani. Hilo Mirindi hakuwahi kumwambia mtu Marekani hii. Mume wake angelijua, lakini mume wake naye alikuwa kaburini.

"Ombeni," aliita.

Kalamu iliendelea kukwaruza. Précieuse alimvuta mama yake sketi, kama anayesema, si nilikuambia?

"Ombeni, miye naita."

Msichana akageuza karatasi. Kisha, kwa sauti ndogo ambayo yeye mwenyewe nusura asiisikie, alilitaja lile jina ndani ya nyumba yake kwa mara ya kwanza.

Msichana aliinua kichwa. "Maman?" alisema. "Niko karibu kumaliza."

Maman! Mbele ya watu Ombeni alisema Mama; Maman hakuwahi kulitamka popote.

Hapo mama mwenye akili zake angepiga kelele, angemwita mchungaji, angemtikisa mtoto wa watu hadi arudiwe na fahamu. Mirindi aliweka mkoba chini, akafunga kitambaa kichwani, akaanza kusonga ugali. Jioni ile alipika sombe, kile kisamvu cha kwao, kwa mawese, akampakulia yule msichana fungu kubwa kuliko la mtu yeyote, akakaa mbele yake akimtazama anavyokula kwa mkono wa kushoto, na hakumchapa vidole. Alifurahi. Mungu amsamehe, alifurahi. Miaka kumi alikuwa amemvisha, amemlisha, amemsukia nywele mtoto wa mdogo wake, akampenda kweli, lakini kila alipomtazama alikuwa anamtafuta mwingine nyuma yake. Sasa yule mwingine alikuwa amekaa mezani, anaomba aongezewe.

Alhamisi ikawa vilevile. Ni Précieuse aliyevunja karamu ile. Alisukuma sahani, akaanza kulia, na safari hii alilia kwa Kiswahili, ambacho hakukitumia ila akiwa na homa.

"Nataka dada yangu."

"Si huyu hapa?"

"Huyu hapana! Huyu hanijue!"

Na Mirindi, alipomtazama yule msichana, aliona kwamba Précieuse hakusema uongo. Macho yale yalimpita mtoto kama yanapita ukuta. Yangemjuaje? Précieuse alizaliwa mwaka mmoja na ushei baada ya maziko. Ndipo hofu ikamshika Mirindi sawasawa, na swali lililompasa kujiuliza tangu jana likaja: kama huyu ni Alliance, mtoto wa mdogo wangu nimemweka wapi?

*

Ijumaa aliomba ruhusa ya kutoka mapema. Msimamizi, kijana wa kutosha kuwa mwanawe, alimkumbusha mbele ya wenzake kwamba kutoka mapema ni pointi moja ya adhabu, kwamba tayari ana tano, na kwamba zikifika saba hana kazi. Mirindi akasema asante. Alisema asante kwa sababu ndilo neno la Kiingereza lililomjia kwanza.

Ombeni alimngojea kituo cha basi, miwani usoni, bahasha mkononi. Mkono wa kulia. Alionekana kama mtu aliyeamka katika ugonjwa.

"Mama Mkubwa," alisema basi lilipoanza kutembea, na Mirindi akafumba macho, hajui kama anashukuru au anafiwa upya. "Nimeichapa jana maktaba, lakini sikumbuki vizuri nimeandika nini. Nilikuwa nimechoka sana. Ni mbaya?"

"Sijui. Tutasikia."

"Usiponiruhusu, sitapeleka. Kweli. Nitatafuta kazi na wewe Hilliard."

Alisema hivyo bila kinyongo, na hilo ndilo lililomuuma Mirindi. Alimtazama mikono, ile mikono iliyoshinda wenzake wote kwa kemia, akaiona inakunja maboksi ya viatu. Alimshika mmoja, akaushikilia hadi mtaa wa chuo.

Ofisi ya Honors ilikuwa na zulia nene na ukimya wa benki. Mama wa mapokezi alimwona Mirindi na fulana yake ya kazini yenye mistari inayong'aa, akatabasamu, akamwambia polepole na kwa sauti kubwa, kama mtu anayeongea na kiziwi, kwamba kabati la mafagio liko mwisho wa ukumbi upande wa kulia. Ombeni alitaka kusema neno. Mirindi alimbana mkono. Truphosa akatokea, uso umemwiva kwa aibu ya wenzake, akaichukua bahasha, akaipitia amesimama, akamwingiza Mirindi katika chumba kidogo chenye ukuta wa kioo, na Ombeni akabaki nje kwenye benchi. Ilikuwa saa kumi na dakika ishirini.

"Nimeipitia haraka," Truphosa alisema. "Mama, hii imeshinda ile ya kwanza. Na haina kitu cha hatari kabisa. Hakuna mtu amekufa humu, hakuna jina la pili. Ni story ya siku moja tu kambini. Keti nikusomee."

Mirindi akaketi. Truphosa akaanza kusoma, akigeuza Kiingereza kuwa Kiswahili pole pole, kidole kikifuata mistari.

"'Ilikuwa siku ya kuhesabiwa watu. Nilikuwa na homa siku ya tatu. Asiyeonekana kwa macho siku hiyo alifutwa, kwa hiyo mama hakunipeleka zahanati. Aliniamsha, akanipaka mafuta usoni ili ning'ae nionekane mzima, akanifunga kitenge kiunoni ili nisianguke. Akaniambia: simama wima, usikohoe, wakikuuliza sema uko sawa.'"

Mirindi alishika ukingo wa meza.

Siku ile walikuwa wawili tu, yeye na mtoto. Mume alikuwa Kampala akitafuta kibarua. Mutware alifika usiku, akakuta kilichobaki ni kuchimba. Ombeni alikuwa bado ng'ambo ya mpaka, hajajua kama kuna nchi inayoitwa Uganda. Labda Mirindi huongea usingizini. Labda. Kuta za nyumba zile ni nyembamba, na mtoto mwenye akili husikia mengi. Lakini mambo ya kitenge alikuwa ameyaficha hata kwa nafsi yake, na hakuyakumbuka mpaka aliposomewa.

"'Tulisimama tangu asubuhi hadi alasiri. Nilimwomba maji mara nne. Alisema: ukikunywa utatapika mbele ya watu wa orodha, ngoja kwanza tuhesabiwe. Mara ya tano sikuomba. Tulipofika mezani nilisimama wima, nikasema niko sawa. Wakachovya kidole changu kwenye wino, kidole cha mkono wa kushoto, na mama alinitazama kwa furaha kwa sababu nilikuwa nimehesabiwa.'" Truphosa alipumua, akageuza karatasi. "'Tangu siku hiyo nimehesabiwa kila mahali. Nilihesabiwa uwanja wa ndege, nilihesabiwa Louisville, nilihesabiwa Columbus. Sasa naomba kuhesabiwa miongoni mwa wanafunzi wenu bora, na nitasimama wima. Lakini yale maji sijapewa bado.'"

Aliweka karatasi chini. Macho yalikuwa yamemlowa.

"Hayo maji ya mwisho," alisema, "si unaona alivyoyageuza? Kiu ya elimu. Kamati itaipenda sana." Kisha akamwona Mirindi, naye akaacha kutabasamu. "Mama? Uko sawa?"

Midomo ya Mirindi ilikuwa imekauka hata ilitoa mlio alipoifungua. Nje ya kioo Ombeni alikuwa anang'ata ukucha, anatazama saa ya ukutani.

"Kama kuna kitu kinakuaibisha humu," Truphosa alisema taratibu, "naweza kumwita aondoe. Tuko na nusu saa. Aseme tu ulikuwa mbali, ama aseme ni mtu mwingine alimsimamisha kwa line. Itapungua nguvu, na sikuahidi kama itapita. Lakini ni jina lako, na watu saba wataisoma, na ikipita itawekwa kwa file yake forever."

"Hapana," Mirindi alisema. "Ni kweli. Miye njo nilimsimamisha."

Truphosa alidhani mama anamzungumzia yule binti wa kwenye benchi, mzima, aliyepona homa zamani. Akampapasa bega. "Lakini alipona, Mama. Tazama alivyo leo."

"Dada, tafadhali," Mirindi alisema. "Angalia tena kule mwisho. Ameandika kama amenisamehe?"

Truphosa alichukua karatasi ya mwisho. Aliisoma tena yote kimya kimya, akaigeuza nyuma kuona kama kuna maandishi yaliyomponyoka. Upande wa nyuma ulikuwa mtupu.

"Hapana, Mama. Hajasema."

Mirindi aliitikia kwa kichwa. Alizirudisha karatasi ndani ya bahasha moja moja, akailamba gundi, akaifunga, akaisukuma upande wa pili wa meza.

"Basi peleka hivyo hivyo."